Wizi wa Mapema

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi moja. Jina lake silitaji. Nikilitaja mtaniuliza nimelitoa wapi, na matatizo yote ya nchi ile yalianza hivyo hivyo.

Yalianzia redioni. Mtukufu Rais, baada ya kupongezwa kwa mambo ya siasa mpaka akachoka, aliamua sasa apongezwe kwa usomi. Haukupita muda akatangazwa kuwa Daktari wa Falsafa katika elimu ya hifadhi ya mahindi. Watu walishangaa kidogo, maana hakuna aliyewahi kumwona maktaba, lakini wakasema labda alikuwa anasoma kwa siri kwa unyenyekevu wake. Mtukufu akaagiza tasnifu yake isomwe redioni taifa zima lifaidi. Tena akaisoma mwenyewe, kuanzia ukurasa wa shukrani.

"Kwanza kabisa," akasema kwa ile sauti yake nzito ya kufungulia madaraja, "namshukuru mume wangu kipenzi, Hamdani, aliyembeba mtoto wetu mgongoni wakati mimi naandika sura ya tatu."

Mafundi cherehani wakasimamisha mashine zao. Kule Ikulu, mke wa Mtukufu alikuwa anapakwa hina. Akauvuta mguu wake taratibu, akaomba maji ya kunywa. Mtukufu mwenyewe wala hakushtuka. Aliendelea mpaka pale anaposimulia jinsi kichefuchefu cha ujauzito kilivyomtesa msimu wa mavuno, akakohoa kidogo, akafungua ukurasa mwingine.

Kufikia jioni kila mtu alishajua tasnifu ile ni ya nani. Ilikuwa ya Dokta Faidhati, mwalimu wa chuo kikuu, mama mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye kabla ya kwenda chuo alifundisha sekondari miaka na miaka, na nusu ya serikali ilipita mikononi mwake. Mumewe aliitwa Hamdani, na mtaani kwao alijulikana sana kwa kubeba watoto mgongoni.

Nchi nyingine, Rais angeona haya akaacha kazi. Sisemi nchi gani, sina ushahidi. Washauri wa Mtukufu walijifungia ndani, wakatoka na jibu. Walisema tarehe ni jambo la mtazamo. Mtukufu alikuwa na mawazo yale tangu yuko shule ya msingi, ila shughuli za taifa zilimchelewesha kuyaandika. Alichofanya Dokta Faidhati ni kumuwahi. Kwa hiyo alikuwa ametenda kosa ambalo sheria haikuwa hata na jina lake, na hapo hapo wakalipa jina: wizi wa mapema.

Dokta Faidhati akafukuzwa kazi. Na ili uovu huo usirudiwe, ikaundwa Wizara ya Vyanzo, na ikatungwa sheria kwamba ndani ya mipaka ya nchi ile hakuna atakayesema neno bila kutaja amelitoa wapi.

Basi bwana, maisha yakabadilika.

Mgonjwa alifika hospitali ameshika tumbo, akasema linamuuma. Mganga akachukua kalamu. "Kwa mujibu wa nani?" Mgonjwa akasema kwa mujibu wake mwenyewe. "Wewe si chanzo huru," mganga akamwambia kwa upole, "una maslahi na hilo tumbo." Akamrudisha nyumbani akatafute mtu mwingine anayeumwa tumbo lile lile.

Mtangazaji wa mpira alipiga kelele ya goli, akakamatwa, kwa sababu hakumtaja mshika kibendera. Kijana mmoja alipeleka posa yenye tanbihi, na mahari ikapanda, maana wakwe waligundua kwamba maneno "nitamtunza kama mboni ya jicho" kayatoa kwa rafiki yake aliyekwisha kuacha wake wengi.

Waliofurahi ni wezi. Mmoja alikamatwa na kuku kwapani. Askari walipompekua wakamkuta na karatasi imeandikwa vizuri kabisa: "Kuku, kutoka banda la Mzee Chande, upande wa kulia ukiingia." Askari wakatazamana. Kataja chanzo, tena kwa ukamilifu. Huo si wizi, ni marejeo. Wakamsindikiza mpaka kwake, na Mzee Chande akaambiwa ajivunie kunukuliwa.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja aitwaye Siwema, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Huyu ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake, hao wengine nimewapitia tu.

Siwema alikuwa mtu wa kufanya kazi yake na kunyamaza. Desa, yale majibu ya kunakiliana, hakutumia, wenzake walimwona mshamba. Utafiti wake wa mwisho ulihusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Hakuichagua mada hiyo kwa sababu ni rahisi. Mwaka mmoja kijijini kwao mvua zilinyesha wakati wa kuvuna, watu wakahifadhi mahindi mabichi, na watoto wakaanza kuvimba matumbo na kugeuka manjano. Mdogo wake Selemani alikuwa mmoja wao. Selemani hakupona.

Baada ya msiba ule, Dokta Faidhati alifika kijijini. Hakuhutubia. Alikaa kwenye jamvi na akina mama, akatia punje za mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa, akaitikisa. "Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi hayajakauka, msihifadhi. Isipogandia, pelekeni kihengeni." Basi. Tangu hapo watoto hawakuugua tena ugonjwa ule kijijini kwao, na Siwema akajua atasomea nini.

Kwa hiyo alipoandika utafiti wake, kila alipofika kwenye chumvi na chupa aliandika jina la Dokta Faidhati. Halikumjia jina jingine.

Msimamizi wake, Profesa Kitunzi, akamwita ofisini. Profesa alikuwa mtu mwema. Alikuwa mwema kwa kila mtu aliyekuwa madarakani, na hata kwa wanafunzi alijitahidi.

"Mwanangu, kazi nzuri sana," akamwambia. "Ila marejeo yako yana kasoro ndogo. Hapa umeandika Faidhati. Futa, andika Mtukufu."

"Lakini Profesa, Mtukufu hajawahi kufika kijijini kwetu."

"Umelitoa wapi hilo?"

Profesa akainuka, akafunga mlango, akarudi na sauti ya chini.

"Nisikilize vizuri. Kesi ya kumfunga Faidhati imekwama. Kila kitu kiko tayari, hati ya mashtaka iko tayari, mpaka chumba cha gereza kimepakwa rangi. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu: hakuna mtafiti yeyote duniani aliyewahi kumnukuu Mtukufu. Mawakili wanasema akipatikana mmoja tu, itathibitika kwamba elimu hii ni yake, na yule mama ni mwizi. Sumukuvu unaisoma wewe peke yako mwaka huu. Ukimnukuu Mtukufu, utapata shahada ya daraja la kwanza na Faidhati ataingia ndani siku hiyo hiyo. Usipomnukuu, shahada huna. Mimi ningekuwa wewe nisingejisumbua kufikiri sana."

"Na wewe Profesa alikufundisha nani?"

"Binti, ofisini kwangu hatuulizani maswali binafsi."

Siwema alitoka pale. Akampigia simu mama yake, Bi Mashavu, akitaka tu kusikia sauti ya nyumbani. Bi Mashavu hakumpa nafasi ya kusema. Alikuwa ameshapeleka habari ukoo mzima kwamba Siwema anahitimu, sare za kitenge zimeshashonwa, mashangazi wanagombana nani akae mbele, na wapishi wameshapatikana.

"Wewe maliza tu mwanangu, mengine tuachie sisi. Babu yako kasema hafi mpaka akuone na joho, na unajua alivyo mkaidi. Tusije tukampa sababu ya kwenda!"

Akacheka sana, na Siwema huku akalia bila sauti, simu ikiwa sikioni.

Akaenda nyumbani kwa Dokta Faidhati. Mlango alifunguliwa na Mzee Hamdani, mgongoni amebeba mtoto, safari hii mjukuu. Siwema akaeleza yote, akilia na kujifuta kwa upindo wa mtandio. Dokta Faidhati alimsikiliza mpaka mwisho.

"Andika wanavyotaka," akasema.

"Mwalimu!"

"Andika, umalize, uende kazini. Nchi hii watu wa kuwaambia wakaushe mahindi ni wachache. Nikikaa ndani mimi, mmoja anabaki nje. Tukikosa wote, nani atafaidika?" Kisha akamtazama kwa ule ukali wake wa darasani. "Ila ukinukuu, unukuu sawasawa. Sikukufundisha kukata maneno ya watu vipande vipande. Chukua sentensi nzima, kama ilivyo."

Siwema aliondoka hajatulia hata chembe. Lakini njiani maneno yale yakaanza kumzunguka kichwani. Sentensi nzima. Kama ilivyo. Akasimama katikati ya barabara mpaka mwenye bajaji akamtukana, na tusi lile, nikiri, halikuwa na chanzo. Siwema akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, akaenda kumwambia Profesa kwamba atamnukuu Mtukufu.

Siku ya kutetea utafiti ilipofika, ukumbi wa chuo ulifurika. Sheria ilitaka chanzo kifike chenyewe na kuthibitisha, kwa hiyo Mtukufu alikuja na msafara mzima, matangazo ya moja kwa moja, na bendi ya shaba iliyopiga kila alipotabasamu. Akaketishwa kwenye kiti kikubwa chenye kibao kilichoandikwa "Chanzo". Pembeni yake alikaa Waziri wa Vyanzo. Profesa Kitunzi alikuwa mwenyekiti wa jopo. Ukoo wa Siwema ulijaza safu tatu, kitenge kimoja, vichwa vimefungwa vilemba vikubwa kiasi kwamba waliokaa nyuma yao walisikiliza tu. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, aliletwa Dokta Faidhati, ubavuni kwake askari mwenye pingu mfukoni, ili shughuli zisichukue siku mbili.

Waziri alifungua kwa hotuba. Alisema taifa lisilotaja vyanzo ni sawa na nyumba isiyo na mlango wa kuingilia wageni waalikwa wa kitaifa na kimataifa, na kwamba maneno hayo ni ya Mtukufu. Mtukufu akatabasamu. Bendi ikapiga.

Siwema akasimama.

"Kuhusu njia ya chumvi na chupa," akasoma, "Mtukufu anaeleza hivi katika tasnifu yake, nanukuu: 'Nikiwa na ujauzito wa miezi saba, nilishindwa kuinama juu ya kihenge, ndipo nikaanza kupima unyevu wa mahindi nikiwa nimekaa, kwa chupa na chumvi, huku mume wangu akinikanda miguu.' Mwisho wa kunukuu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akageuza ikawa kikohozi. Profesa Kitunzi akafuta jasho.

"Binti, hapo mwanzoni ungeweza kuruka…"

"Kanuni ya Wizara inasema nukuu isikatwe, Profesa."

Profesa akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari, ambayo ilikuwa dari nzuri. Ikabidi utaratibu ufuatwe.

"Chanzo," Profesa akasema kwa shida, "unathibitisha kwamba haya ni yako?"

Siwema alishika meza kwa mikono miwili. Hapa ndipo alipoweka matumaini yake yote. Hakuna mwanamume, alijiambia, achilia mbali mwenye ndevu kama zile, atakayesimama mbele ya taifa akubali jambo hili. Atakana, na akikana, mwalimu wangu yuko salama.

Mtukufu alifikiri kidogo. Akaweka mkono tumboni.

"Nathibitisha," akasema. "Ulikuwa ujauzito mgumu sana."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akina mama wa chama wakapiga vigelegele. Bendi ikapiga wimbo wa harusi, ndio waliokuwa nao karibu. Kwenye televisheni yakapita maandishi mekundu: MTUKUFU AFUNGUKA KUHUSU UZAZI WAKE. Waziri, ambaye sasa aliona dari haina msaada, akainuka akatangaza kliniki zote za wajawazito zipewe jina la Mtukufu, kwa kuwa ndiye kiongozi pekee anayezijua kwa uzoefu.

Mtego wa Siwema ulikuwa umemezwa pamoja na kamba. Alikuwa ametegemea aibu, jamani, na aibu ilikuwa imehama nchi ile kitambo. Akatazama nyuma. Askari alikuwa ameshatoa pingu mfukoni.

"Chanzo kimethibitika," Profesa Kitunzi akasema haraka haraka, akiushika muhuri. "Daraja la kwanza. Imebaki mtafiti kutamka kwa kinywa chake, iingie kwenye kumbukumbu za kesi. Siwema, njia hii ya chumvi na chupa ulijifunza kwa nani?"

Bi Mashavu, kwenye safu ya mbele, akamkonyeza mwanawe: sema, mama, umalize, vyakula vinapoa. Siwema akamwona babu yake ameinama mbele na mkongojo, anangoja. Akaliona na joho lake limetundikwa pale pembeni, jeusi, limepigwa pasi. Alilitaka joho lile. Msidhani hakulitaka.

"Nilijifunza kwa Dokta Faidhati," akasema.

"Sikusikia," Profesa akasema, akimwomba kwa macho aseme kingine.

"Kwa Dokta Faidhati, Profesa. Alikuja kwetu mwaka aliokufa mdogo wangu Selemani. Alikaa kwenye jamvi na mama yangu, akatikisa chupa mbele yangu. Mtukufu sikumwona. Nilikuwepo, na sikumwona."

"Chanzo chako?" Waziri akafoka. "Lete chanzo! Nani anathibitisha upuuzi huu?"

Palepale safu ya mbele ikatikisika. Bi Mashavu alikuwa amesikia jina la Selemani, na jina lile hakuwa amelisikia likitajwa hadharani tangu azikwe. Akasahau joho, akasahau vyakula.

"Chanzo ni mimi!" akasema. "Alikuja, na ugali nilimpikia mimi kwa mikono yangu. Akala na mboga akasifu. Wewe Waziri ulikuwa wapi siku hiyo, tuambie!"

"Mama, wewe si chanzo huru…"

"Mwanangu ndiye aliyekufa! Huru niwe mara ngapi?"

Siwema akaiacha meza, akageukia nyuma kabisa ya ukumbi, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa tangu wadogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Dokta Faidhati hakuwa amepanga kufanya lolote siku ile. Alikuwa ameleta mswaki na kanga ya kubadilisha. Lakini mtu akisalimiwa huitika, naye hakuwahi kuitika salamu ya mwanafunzi akiwa amekaa. Akainuka.

"Marahaba, Siwema."

Sasa waliosoma kwa Dokta Faidhati wanajua. Mwalimu yule akisimama, darasa linasimama. Hawakufikiri. Profesa Kitunzi ndiye aliyekuwa wa kwanza; alijikuta wima, muhuri mkononi. Kisha wajumbe wa jopo, mmoja mmoja. Makatibu wakuu. Mawakili wa serikali na faili zao. Wapiga picha. Mpiga tarumbeta mkubwa wa bendi. Viti vilikuwa vinalia ukumbi mzima, na Waziri wa Vyanzo, aliyekuwa wa mwisho, aliinuka huku anajishika mapaja kama anayejizuia, na wapi. Halafu ikatoka, sauti moja ndefu ya watu wazima wenye vitambi:

"Shikamoo, mwalimuuu!"

Mtukufu akageuka kulia, akageuka kushoto. Alikuwa amebaki peke yake kitini.

"Mmesimama kwa nini?" akauliza. "Kaeni!"

Hawakukaa.

"Nimesema kaeni! Hii ni amri!"

Profesa Kitunzi alijaribu. Nilivyosikia, magoti yalikunjika kidogo, yakakataa. Si Mtukufu aliyewafundisha kukaa. Walisubiri sauti nyingine, ile ndogo, na wote walikodolea macho kule nyuma, pamoja na wale waliosaini barua ya kumfukuza kazi.

Dokta Faidhati akawatazama. Aliwajua wote kwa majina, na alikumbuka nani alikuwa anadesa kwa nani. Aliwatazama mpaka baadhi wakaanza kuangalia viatu vyao. Kisha akachukua mfuko wake wenye mswaki na kanga, akamwambia Siwema, "Twende zetu," akaelekea mlangoni. Mtafiti hakuwa amemtaja Mtukufu kuwa ndiye mwalimu wake, na bila hilo kesi hakuna. Askari alizirudisha pingu mfukoni, akavua kofia, akawafungulia mlango.

Siwema alitoka bila shahada, mama yake na ukoo mzima wa kitenge nyuma yake, babu akisukumwa mbele kwa mbele na kuuliza kwa sauti joho liko wapi. Dokta Faidhati alifika kizingitini, akageuka mara moja. Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Hakusema kaeni. Akatoka nje, akafunga mlango taratibu, akawaacha wamesimama.